Soko la dawa za demensia ya Lewy linakua: Kigoma tudai dawa mpya?

Mkazi wa Gungu: Hoja iko mezani. Kampuni za nje zinalipigia hesabu soko la dawa za demensia ya Lewy, ule ugonjwa wa ubongo unaoharibu akili ya mzee na kumwonyesha vitu visivyokuwepo. Wazee wanaongezeka, halafu kuna ile sheria ya Marekani ya miaka ya tisini inayompa mtengenezaji wa dawa ya ugonjwa adimu miaka 7 ya kuuza peke yake. Mkoa udai dawa hizo mapema au ni anasa? Maana huku mzee akianza kuona watoto wasiokuwepo sebuleni, watu wa Ujiji wanamkimbiza kwa mganga.

Mwana Ujiji: Kaka, Ujiji imeingiaje? Mganga hana haloperidoli, ile dawa ya hospitali ya kutuliza wagonjwa wa akili. Mzee wa Lewy anavunjwa na sindano anayochomwa wodini usiku kwa kuwa "anasumbua". Dawa hiyo inaziba dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kujongea, na ubongo wake tayari unayo kidogo. Asubuhi amekakamaa kama gogo, mate hayamezeki, joto linapanda, fahamu zinapotea. Wengine hufa. Hilo hukuliona, umeona Ujiji!

Mfamasia Tabora: Sheria ni ya 1983, si ya tisini. Tena kikomo chake ni wagonjwa chini ya 200,000 Marekani, na Lewy imezidi hapo. Inayoingia kwenye sheria hiyo ni ile demensia ya sehemu ya mbele ya ubongo. Kuhusu kudai, tuanze na za zamani: rivastigmini iliidhinishwa Marekani 2006 kwa demensia ya Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka ulio ndugu wa Lewy, na Japani iliidhinisha donepezili, dawa ya kundi hilo hilo, kwa Lewy 2014. Hataza, yaani haki za kuzitengeneza peke yako, zimeisha, viwanda vingi vinazitengeneza. Mnakimbilia ya kesho na ya jana haipo kabatini.

Mkazi wa Gungu: Sijamtukana mtu. Ila vidonge hivyo vinatapisha, wazee wanaviacha.

Mama Kasulu: Vinatapisha mkiharakisha, ndugu yangu. Rivastigmini anza miligramu 1.5 asubuhi na 1.5 jioni, akiwa anakula, si tumbo tupu. Kaa hapo wiki 4, ndipo upande hadi 3 mara mbili kwa siku. Ukomo ni 6 mara mbili, na wengi hawafiki. Akikosa dawa zaidi ya siku 3, usimrudishe alipoishia, anza tena 1.5, la sivyo atatapika vibaya mno. Ndiyo maana kuleta dawa ya mwezi mmoja halafu stoo ikauke ni kumtesa mzee. Na mapigo ya moyo yapimwe kwanza, maana dawa inayapunguza.

Mfamasia Tabora: Akitapika asipewe Plasil, ile dawa ya kuzuia kutapika, nayo inaziba dopamini. Shusha dozi.

Mwana Ujiji: Na Artane je? Sindano imemkakamaza, wanamwongezea Artane imlegeze. Artane inapinga asetilikolini, kemikali ya ubongo ya kumbukumbu, ile ile ambayo rivastigmini inailinda isivunjwe. Piriton na Phenergan, zile dawa za mzio, nazo zinaipinga. Mzee anazidi kuchanganyikiwa, halafu inaandikwa ugonjwa umepanda. Hayo yanafanywa na wenye makoti meupe, siyo Ujiji.

Mpita Nguruka: Sasa usiku akipiga kelele, wauguzi wafanyeje bila sindano?

Mama Kasulu: Watafute kilichomchokoza. Pima malaria, pima mkojo, gusa kibofu kama kimejaa, uliza choo mara ya mwisho lini, angalia dawa aliyoanzishwa wiki hii. Taa iwake, mtu anayemjua akae naye. Kama anaona watu lakini hawaogopi, mwacheni nao. Hatari ikibaki, daktari anaweza kujaribu kwetiapini, dawa nyingine ya kutuliza, miligramu 12.5, kwa uangalizi. Hata hiyo si salama kabisa.

Mkazi wa Gungu: Nimewasikia, lakini niliuliza dawa mpya.

Mwana Ujiji: Leo jalada la mzee liandikwe juu kwa wino mwekundu: asipewe haloperidoli. Hiyo haingoji soko. Na lile neno la Ujiji bado hujalifuta.