Mjadala: Je, Injili nne ziliandikwa na mashahidi waliojionea?

Ndugu wachangiaji, swali hili hujibiwa kwa pupa na pande zote mbili. Wapo wasemao kwamba Mathayo na Yohana walikuwa mitume, Marko alimsikiliza Petro na Luka alifuatana na Paulo, basi hakuna la kujadili. Na wapo wasemao kwamba majina hayo yalibandikwa baadaye, hivyo ushuhuda wote hauna thamani. Kwa maoni yangu, nani aliandika ni swali moja, na habari zilitoka kwa nani ni swali jingine.

Hakuna Injili inayomtaja mwandishi wake kwa jina ndani ya simulizi. Irenaeus, askofu wa Lyon, anazitaja zote nne pamoja na waandishi wake karibu mwaka 180. Kabla yake Papias, askofu wa Hierapoli, ambaye maneno yake yalihifadhiwa na mwanahistoria wa Kanisa Eusebio wa Kaisaria, alieleza kwamba Marko alikuwa mkalimani wa Petro na kwamba Marko mwenyewe hakumsikia Bwana. Luka naye hadai kuona. Katika utangulizi wake anasema mambo hayo yalipokewa kutoka kwa mashahidi. Kwa hiyo hata anayekubali mapokeo yote anabaki na Injili mbili tu za waliojionea.

Penye ugumu zaidi ni Mathayo. Takriban asilimia 90 ya yaliyomo katika Marko yamo pia humo, mara nyingi kwa maneno yale yale ya Kigiriki. Hata habari ya mtoza ushuru aliyeitwa akiwa ameketi forodhani (9:9) inakwenda sambamba na Marko 2:14, isipokuwa Lawi sasa anaitwa Mathayo. Kwa nini mtume asimulie siku ya kuitwa kwake kwa maneno ya mtu ambaye hakuwapo?

Wanaokataa nao wana la kujibu. Marko 15:21 anasema Simoni Mkirene, aliyebeba msalaba wa Yesu, ni baba yao Iskanda na Rufo, bila kueleza hao ni akina nani, kama anayewaandikia watu wanaowafahamu. Mathayo na Luka wameyaacha majina hayo. Paulo, katika miaka ya 50, aliwaandikia Wakorintho kwamba wengi kati ya ndugu zaidi ya 500 waliotokewa na Yesu walikuwa wangali hai. Unaweza kukataa walichodai kuona, lakini si rahisi kudai kwamba hapakuwa na mashahidi wa kuulizwa.

Yohana nawaachia wengine. Ila atakayemtetea aanze na 21:24: hao “sisi” wanaothibitisha ushuhuda wa mwanafunzi aliyependwa na Yesu ni akina nani?