Fundi kaondoka na nywila, mitihani yetu inakwenda kwenye simu ya mhasibu

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Nafundisha Jiografia kwenye shule moja ya sekondari hapa Dodoma, upande wa barabara ya Singida. Kwa kuwa tu najua kuunganisha projekta, nimekabidhiwa na "mambo ya kompyuta". Posho hakuna, lawama zote zangu.

Januari shule ilinunua printa kubwa ya mtandao, ile ya kusimama, inayotoa fotokopi na kuskani, tuachane na vile viprinta vya mezani vinavyokula wino kama mtoto anavyokula karanga. Mimi mwenyewe nililisemea jambo hilo kwenye kikao. Waliotuuzia wakaleta fundi wao, kijana mtanashati, akaunga kompyuta 16 kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na moja. Akaprinti karatasi ya majaribio, tukapiga makofi, mkuu wa shule akasaini. Ningejua ningemkalia mlangoni.

Wiki ya pili umeme ukakatika usiku. Asubuhi kompyuta 14 zinasema printa iko ofulaini. Printa yenyewe imewaka, fotokopi inatoa safi kabisa. Cha ajabu, kompyuta 2 za maabara zinaprinti bila shida! Tukampigia fundi. Akakaa dakika kumi, akaondoka na elfu hamsini. Umeme ukakatika tena, akarudi tena. Mpaka leo ni mara tano, yaani laki mbili na nusu, na kila safari ana sababu mpya. Mara vumbi la Dodoma. Mara kompyuta zenu za zamani. Mara walimu wanabonyeza hovyo.

Hilo la kubonyeza hovyo lina ukweli kidogo, nisiwatetee wenzangu. Mwalimu akibonyeza kuprinti asione karatasi, anabonyeza tena, na tena, halafu anaenda kunywa chai. Kazi zote zinakaa kwenye foleni zikisubiri. Siku fundi aliporudisha mawasiliano, printa iliamka na kutapika kila kitu kwa pamoja: rimu mbili nzima, nakala za zoezi moja la Hisabati zimejirudia mara sita. Mkuu wa shule kaniangalia mimi.

Kilichonivunja kabisa ni mitihani ya nusu muhula. Saa mbili usiku, mtihani kesho asubuhi, printa haionekani. Ikabidi nipande bodaboda na fleshi mfukoni mpaka steshenari mjini. Mtihani wa kidato cha nne unafunguliwa kwenye kompyuta ya dukani, nyuma yangu wamepanga foleni wanafunzi wa chuo. Nilisimama pale kama askari wa benki mpaka nikahakikisha faili limefutwa. Fleshi nayo ilirudi na virusi.

Usiku ule sikulala, nikaamua kuichimba hii kitu. Nikaiambia printa itoe ile karatasi yake ya taarifa za mtandao. Inasema anwani yake ni 192.168.1.23. Nikafungua kompyuta ya staff, kwenye poti ya printa, yaani pale kompyuta inaposoma anwani ya kutuma kazi, imeandikwa 192.168.1.14. Basi 14 ni nani? Nikakagua simu zilizoshika wifi yetu, moja moja. Ni simu ya mhasibu! Miezi yote hiyo kompyuta zetu zinapeleka mitihani kwenye simu ya mama wa watu, na simu haina habari.

Kumbe mambo yako hivi. Rauta, kile kifaa cha wifi, ndiyo inayogawa hizo namba za anwani kwa kila kifaa, na fundi aliiacha printa ipokee namba yoyote itakayopewa. Umeme ukikatika, rauta yetu ya bei nafuu inasahau ilimpa nani nini. Ukirudi, simu zenye chaji zinawahi namba wakati printa bado inajipasha moto. Printa inapewa namba nyingine, ila zile kompyuta 14 zimekaririshwa namba ya zamani. Zile 2 za maabara ziliitafuta zenyewe kwa njia ya WSD, njia ya Windows ya kutafuta vifaa kwenye mtandao, ambayo inamtambua printa mwenyewe, kwa hiyo hata akihama zinamfuata. Kwa hiyo vumbi lilisingiziwa bure.

Dawa yake ni ndogo mpaka inauma. Unaingia kwenye rauta, unaitengea printa namba yake moja ya kudumu ambayo hapewi mtu mwingine. Dakika tano. Lakini nywila ya rauta anayo fundi. Basi nibadilishe poti kwenye kompyuta? Inataka nywila ya adimini, yaani msimamizi wa kompyuta, nayo anayo fundi. Nikajaribu kuipachika printa namba 14 kwa mkono kwenye kioo chake, mhasibu akakubali kuzima wifi. Ikafanya kazi siku tatu, kisha rauta ikampa 14 mwalimu mgeni wa mazoezi, vikagongana, tukarudi palepale.

Nilipomuomba nywila kwa simu alinijibu, "Mwalimu, hizo ni siri za kiufundi, mtaharibu mfumo." Siri? Kompyuta tumenunua sisi, rauta tumenunua sisi!

Nisionekane sielewi umuhimu wa nywila. Tangu Agosti 2021, baada ya lile tundu la usalama lililoitwa PrintNightmare, Microsoft ilizuia mtumiaji wa kawaida kuweka draiva (programu inayoiendesha printa) ya printa ya kushirikishana bila idhini ya adimini. Ni sawa, kwenye maabara ya wanafunzi hata mimi ningefanya hivyo. Ila adimini wa shule awe ndani ya shule. Huyu wetu anakaa mjini na anachaji kwa safari.

Sasa sikieni hili. Ile printa ndogo ya katibu muhtasi imechomekwa kwa USB na inashirikishwa kwa kompyuta ya taaluma. Siku moja ikagoma na kosa la 0x0000011b. Hilo ni maarufu, lilianza na apdeti za Septemba 2021 zilizokaza ulinzi wa kuprinti kwa mtandao, na mara nyingi linatokea kompyuta moja ikiwa na apdeti na nyingine haina. Ya katibu ilikuwa haijaguswa miaka. Dawa ni kuziapdeti zote mbili. Fundi alifanya nini? Akazima ule ulinzi wenyewe kwenye rejista ya Windows, pale inapotunza mipangilio yake, kisha akazima apdeti kwenye kompyuta zote 16 "zisisumbue tena". Kompyuta zenye matokeo ya watoto na ada za wazazi! Hilo nimelijua juzi tu, kwa kuangalia mwenyewe, na hakuna mahali alipoliandika.

Jumatatu anakuja mara ya sita. Mkuu wa shule kaniambia niandae elfu hamsini nyingine. Nimemwonyesha ile karatasi ya printa na simu ya mhasibu, akacheka, halafu akaacha kucheka. Amekubali hela isitoke kwanza. Fundi atakabidhi nywila ya rauta na ya adimini kwa maandishi, atarudisha ulinzi na apdeti, ataitengea printa namba yake na kuzielekeza kompyuta zote 14 huko. Akishamaliza, nitakwenda mwenyewe kwenye swichi kubwa, nizime umeme wa jengo zima, nihakikishe wifi ya simu zote imewashwa, niwashe. Kompyuta zote 16 zikiprinti, ndipo mkuu atasaini.

Akikataa kukabidhi nywila, nifanyeje? Kuirudisha rauta kama ilivyotoka kiwandani naweza, ila kompyuta 16 kuziwekea Windows upya na mitihani iko mlangoni, hapo ndipo naomba ushauri wenu wakuu.