Kidole kinauma chini ya kucha, baridi ikigusa nalia, vipimo vyote safi. Naombeni ushauri

Binti wa Njombe: Habari zenu wakuu. Mwaka wa pili sasa naumwa kidole cha pete, ndani ya kucha. Nikitia mkono kwenye maji ya bomba asubuhi, maumivu yanapanda hadi kiwikoni. Pindo la shuka likikigusa usiku, usingizi umeisha. Hakijavimba, hakina usaha, eksirei safi. Nimepewa dawa za gauti, za mdudu wa kidole, na daktari wa mwisho akasema ni mawazo. Nyumbani wanasema nimetupiwa. Kuna aliyewahi kuona hili?

Mama Tatu: Pole sana mdogo wangu. Jaribu maji ya moto na chumvi.

Wa Theatre: Dada, chumvi haitafika huko. Maumivu makali, kutostahimili baridi, na sehemu moja tu inayouma ikiguswa: hayo matatu yakikutana, tunafikiria uvimbe wa glomasi. Chini ya kucha kuna vifundo vidogo vya mishipa ya damu vinavyorekebisha joto. Hapo ndipo unapoota. Mara nyingi haufiki sentimita moja, na eksirei huweza isionyeshe kitu. Karibu siku zote si saratani.

Bonyeza kucha taratibu kwa kichwa cha pini, sehemu kwa sehemu. Halafu mwombe nesi akufunge mkanda wa kupimia presha mkononi, aujaze hadi damu isimame kidogo, abonyeze palepale. Maumivu yakikata na kurudi mkanda ukilegezwa, mweleze daktari hivyo hivyo.

Binti wa Njombe: Pini nimejaribu. Karibu na shina la kucha nimeruka, pembeni kidogo hakuna kitu! Na pana doa la bluu-bluu. Nitakatwa kidole?

Kaka Mkubwa: Hukatwi. Mimi nilikuwa nao kwenye gumba. Walipiga ganzi ya kidole, wakanyanyua kucha, wakatoa kitu chekundu kama punje ya mtama, kikapelekwa maabara. Kidonda kiliuma, lakini yale maumivu ya baridi sijayasikia tena. Omba MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, kabla ya upasuaji kama unaimudu, maana uvimbe ukibaki hata kidogo unaweza kurudi. Na waambie nyumbani ni ugonjwa, una jina na una tiba.

Wa Theatre: Swali moja: una madoa ya rangi ya kahawa mwilini, au vinundu vingi kwenye ngozi? Kuna ugonjwa wa kurithi unaoweza kuleta glomasi kwenye vidole kadhaa. Kama vipo, mtajie daktari.

Binti wa Njombe: Sina. Kesho naenda zahanati kwa ajili ya mkanda. Mbarikiwe sana.