Mrejesho: hati ya uwakili ya mama mgonjwa wa kiharusi

Assalaam alaykum. Mwezi uliopita niliuliza kuhusu mama yetu wa Wete, Pemba, mwenye umri wa miaka 76, ambaye baada ya kupatwa na kiharusi alitiwa dole gumba kwenye karatasi inayompa ndugu yetu mmoja madaraka juu ya nyumba na shamba la mikarafuu, ilhali siku zile hakuwa akitutambua.

Nilifuata ushauri wa kuanza kwa daktari kabla ya wakili, nami nashukuru, kwa sababu maelezo ya daktari yenye tarehe ndiyo yaliyobadilisha mazungumzo yote. Wakili alitufahamisha kwamba anayetoa uwakili, yaani anayempa mwingine madaraka juu ya mali yake, lazima awe na akili timamu siku anayoutoa, na kwamba hata ungekuwa sahihi, wakala, yaani aliyepewa madaraka hayo, si mmiliki. Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, alituita sote. Kaka aliyepewa madaraka, ambaye awali alikuwa mkali, aliisoma karatasi ya hospitali mara mbili kisha akanyamaza. Hati ameirejesha, na hakuna kilichouzwa.

Pensheni jamii ya mama, ile inayotolewa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar tangu 2016 kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, sasa inapokelewa mbele ya ndugu wawili.

Mama anaendelea na dawa za shinikizo la damu na mazoezi ya mkono. Juzi aliniita kwa jina langu, ingawa la utotoni.