WRX ya mkanda au Golf GTI ya cheni: lipi la kununua kwa mtu wa Malindi?

KijanaWaMaweni
Salaam wadau. Natafuta gari la mwendo la kutumika na nimebakiwa na mawili. Moja ni Subaru Impreza WRX ya 2008, injini ya EJ20 yenye turbo, gia za mkono, liko hapa hapa Malindi. La pili ni Golf GTI kizazi cha sita, liko Nyali. Bei hazipishani sana, na mita zote mbili zinasoma kilomita elfu tisini na kitu.

Wenzangu wananisukuma kwenye Golf, eti ni ya cheni na cheni haibadilishwi mpaka gari life. Subaru ni ya mkanda wa taiming, ule wa mpira unaounganisha krenki (mhimili mkuu wa injini) na kemshafti (mhimili unaofungua vali); kwenye Golf kazi hiyo inafanywa na cheni. Muuzaji anaapa mkanda uko sawa, lakini risiti hana. Kazi yangu iko Watamu, naenda na kurudi kila siku, Mombasa mara moja moja. Naomba maoni ya watu waliowahi kuzifungua injini hizi. Ushabiki nimeshausikia wa kutosha barazani.

FundiMuyeye
Karibu. Nianze na hilo la cheni kutobadilishwa, maana ndilo linalowauzia watu magari mabovu.

Kweli, kwenye kitabu cha gari cheni haina tarehe. Lakini inakazwa na tenshona inayosukumwa na presha ya oili, inateleza juu ya reli za plastiki, na pini zake zinalainishwa na oili ile ile ya injini. Oili ikiwa chafu au pungufu, pini zinalika, cheni inarefuka, reli zinakatika. Kwa hiyo ukinunua injini ya cheni umenunua tabia ya mwenye gari wa kwanza, na humjui ni nani. Alikuwa anabadilisha oili kila kilomita 5,000 au alikuwa anaongeza tu?

Mkanda wa EJ20 una muda wake. Kwa magari ya Japani ni kilomita 100,000, na hata kama hujafikisha, mpira unazeeka kwa miaka. Usiyoyajua ya nyuma yasikusumbue: fungua, funga mpya na rola zake, hesabu inaanza siku hiyo.

Kwa hatari ni sawasawa. Injini zote mbili vali na pistoni zinapishana nafasi moja. Mkanda ukikatika au cheni ikiruka meno, vali zinapinda, na hapo utaanza kutafuta hedi (kichwa cha injini) au injini nzima ya kutoka Japani.

Sasa hiyo Golf. Injini yake ni EA888 ya miaka ya mwanzo, na tenshona yake ina kasoro inayojulikana dunia nzima. Ndani ina vijino vya kuizuia isirudi nyuma injini ikizimwa na presha ya oili ikishuka. Vijino vikichoka, tenshona inarudi, cheni inalegea, halafu asubuhi unapiga stata tu, cheni inaruka. Gari limelala zima, limeamka na vali zimepinda. Baadaye Volkswagen ilitoa tenshona iliyorekebishwa. Kwa hiyo mwulize muuzaji: ilibadilishwa? Lini? Karatasi iko wapi?

Binti_Gede
Fundi amesema la msingi. Mimi naongeza kwamba "Golf ni cheni" si kweli kwa kila Golf. Yangu ni GTI kizazi cha tano, injini ya EA113, nayo ina mkanda. Mkanda unazungusha kemshafti moja, kisha cheni ndogo upande wa pili wa hedi inazungusha nyingine. Na kuna kikombe kidogo cha chuma kati ya kemshafti na pampu ya petroli ya presha kubwa, kinalika mpaka kinatoboka, hicho nacho kikaguliwe. Tazameni namba ya injini kabla ya kubishana.

Ukienda Nyali kuiona hiyo ya sita, nenda asubuhi na mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika gusa boneti. Ikiwa ya moto, jua kuna kitu hakutaka ukisikie. Cheni iliyolegea hukwaruza sekunde chache za mwanzo, kama mtu anatikisa misumari ndani ya mkebe, kisha inanyamaza oili ikipanda. Ikishapata moto husikii kitu.

Kisha mwombe fundi afungue kizibo cha mpira kwenye kava la chini la cheni, aingize kamera ndogo. Anaweza kuona tenshona ni ya zamani au mpya bila kuvunja kitu. Apige na kompyuta vilevile. Kodi ya hitilafu P0016 maana yake krenki na kemshafti hazisomani, na kwa injini hii ukiiona hiyo usijaribu hata kuiendesha kurudi nayo nyumbani.

Mpwa_wa_Barani
Nunua Mazda RX-8 yakhe, injini yake ni ya rota, haina pistoni. Haina mkanda, haina cheni ya taiming, haina hata vali. Mjadala umekwisha 😂

Binti_Gede
@Mpwa_wa_Barani na oili inaichoma kwa kuundwa kwake, na sili za rota zikichoka unafungua injini yote. Nani ataifunga hapa Malindi, wewe?

Mpwa_wa_Barani
Nitashika tochi.

Mokowe_Jeti
Mimi ni mtu wa Amu, kwa hiyo gari langu linalala Mokowe na mimi navuka kwa boti. Kisiwani, kama mjuavyo, vichochoro ni vya punda. Nalitumia nikisafiri tu, kupita Witu na Garsen mpaka Malindi au Mombasa.

Nasema haya kwa sababu ya neno "kilomita chache" ambalo wauzaji wanalipenda. Gari linalolala wiki kadhaa mkanda wake unakauka pale pale, umepindwa kwenye rola zile zile, mita haisogei. Na la cheni likilala sana oili inateremka yote chini, siku ya kuwasha tenshona inaanza haina kitu. Nina WRX kama hiyo unayoitaka, nami nahesabu miaka ya mkanda. Mita siiangalii kabisa.

MzeeWaAltezza
Vijana, hamjambo. Mwanangu wa Maweni, ukitaka usingizi chukua Toyota Mark X. Injini yake ya GR ni ya cheni, haina makeke ya hiyo ya Mjerumani, na pampu ya maji inazungushwa na mkanda wa nje, haikulazimu kufungua upande wa taiming. Lakini najua hutonisikiliza, unataka turbo.

Basi sikiliza hili la pwani. Kava za plastiki za mkanda wa Subaru huvunjika masikio, na mafundi wengi wakishafungua hawazirudishi zote. Nairobi labda utasalimika. Hapa una mchanga, una chumvi, na ukienda upande wa Mambrui au Ngomeni upepo unakumwagia vyote viwili. Mchanga ukiingia kati ya mkanda na puli unasaga kama msasa. Halafu tazama boliti ya puli ya krenki na boliti za kava. Zikiwa zimekula kutu, fundi atakutajia bei nyingine ya kukata na kutoa.

Na sili za kemshafti. Sili ikivuja, oili inadondokea mkanda, mpira unalainika na kutoa meno. Mkanda mpya juu ya sili inayovuja ni pesa baharini.

FundiMuyeye
Mzee kasema kweli. Na kwa kuwa kijana anaelekea Subaru, nieleze kazi yenyewe, maana hapa ndipo watu wanaibiwa.

Mkanda wa EJ yenye kemshafti nne ni mrefu, unazunguka pande zote mbili za injini. Usikubali kubadilishiwa mkanda peke yake. Inayokufa mara nyingi ni rola, hasa ile yenye meno: beringi inakwama, mkanda unachanika ukiwa bado mpya. Pampu ya maji nayo inazungushwa na mkanda huo huo, kwa hiyo inabadilishwa pamoja, na tenshona ya haidroliki. Aisin wanauza kiti nzima, yaani seti ya vipuri hivyo vyote, katika boksi moja. Gates pia. Nunua mahali utakapopewa risiti yenye muhuri, maana boksi la Aisin lenye mkanda usiokuwa wa Aisin nimeshaletewa.

Mtazame fundi mambo matatu. Kemshafti za upande wa kushoto zinabanwa na springi za vali. Mkanda ukitoka zinaweza kuruka zenyewe na kupinda vali hapo hapo gereji, injini imezimwa. Asiyejua hilo asiguse. Tenshona ikibanwa kurudishwa ndani ibanwe polepole kwenye jiliwa, kisha ipachikwe pini. Ukiifinya kwa haraka unaua sili zake. Na gari la gia za mkono lina kijibati karibu na puli ya krenki cha kuzuia mkanda usiruke meno. Hicho kila mara nakikuta hakipo. Mtu kakiona hakina maana, kakitupa.

Kabla ya kuwasha, azungushe krenki kwa mkono mizunguko miwili, alama zirudi mahali pake.

KijanaWaMaweni
Ahsanteni sana wakubwa. Nimetoka kuiona WRX. Kava za mkanda ziko zote, ubavuni nimekuta stika ya Kijapani. Imefifia lakini namba zinasomeka: 26 . 3 . 9 na chini yake 104,000. Hiyo 26 ni nini?

Mokowe_Jeti
Ni mwaka wa Heisei, enzi ya kalenda ya Kijapani. Ongeza 1988, unapata 2014. Mkanda ulibadilishwa Japani, Machi 2014, gari likiwa na kilomita 104,000. Sasa soma tena mita uliyotuambia.

KijanaWaMaweni
Subhanallah. Mita inasema 93,000.

MzeeWaAltezza
Liache. Mtu aliyerudisha mita ameficha na mengine.

FundiMuyeye
Mzee, kwa heshima, mimi nisingeliacha haraka hivyo. Huenda muuzaji wa sasa hajui, mita ilirudishwa kabla yake. Mkanda kwa vyovyote ni wa kutolewa, umeshapita miaka kumi. Swali ni chini ya injini kukoje. EJ ya turbo ugonjwa wake ni beringi za koni rodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki), na mkanda mpya hautibu kunoki, ule mgongo wa beringi zilizolika. Pima kompresheni silinda zote nne, toa oili uitazame kama ina vumbi la chuma, na sikiliza injini ikiwa ya moto. Kwa namba ya chesisi unaweza pia kutafutiwa karatasi ya mnada wa Japani, itakuonyesha mita ya kweli siku lilipouzwa.

Vikitoka salama, mpigie muuzaji picha ya ile stika, weka bei ya kiti nzima na ufundi mezani, akate.

Binti_Gede
Na bado usiifute Golf mpaka uisikie ikiwaka baridi. Tenshona ikiwa mpya na karatasi ipo, kwangu mimi hiyo inaishinda Subaru iliyorudishwa mita.

KijanaWaMaweni
Jumamosi alfajiri nakwenda Nyali na kamera. Subaru tunaipima kompresheni Jumapili, muuzaji amekubali, ingawa kwa stika ameguna. Fundi, kiti niagize sasa au nisubiri?

FundiMuyeye
Subiri. Na ukiinunua, nitumie namba ya chesisi na ya injini kabla ya kuagiza. Usiagize kwa kusema "WRX ya 2008" tu, utaletewa pampu ya maji isiyokaa.