PID inaruka mvua ikinyesha, Industrial Area: ni benzeni au ni unyevu?

Enterprise_Rd:
Wadau, hamjambo. Kuna PID (chombo kinachotumia taa ya urujuanimno kuhisi gesi hewani) yenye taa ya 10.6 eV, yaani nguvu ya miale yake, imefungwa ukutani kando ya Enterprise Road hapa Nairobi, karibu na steji ya matatu na gereji inayopiga magari rangi. Siku kavu inacheza kati ya 0.2 na 0.3 ppm (sehemu kwa milioni). Mvua ikianza inaruka hadi 1.2 na kukaa hapo usiku kucha. Wapangaji wanataka kujua wanavuta benzeni, ile gesi ya sumu ya petroli na moshi wa magari, kiasi gani. Naweza kuigeuza hiyo 1.2 iwe mikrogramu za benzeni kwa mita ya ujazo? Na kama haifai, ni njia gani ya bei nafuu inayotoa benzeni peke yake? Stima hukatika mara kwa mara, kwa hiyo chombo cha kuchomeka muda wote hakitusaidii.

mirija_tu:
Usiigeuze. PID haitambui benzeni. Inahesabu chochote ambacho miale yake ya urujuanimno inaweza kukinyang'anya elektroni. Benzeni inahitaji 9.24 eV, kwa hiyo inaonekana, lakini tolueni na zaileni (hidrokaboni nyingine za petroli na rangi) na thina ya hiyo gereji zinaonekana pia, na zote zinamwagwa kwenye namba moja. Methani inahitaji zaidi ya 12, hiyo haioni kabisa.

Piga hesabu uone. PID nyingi hurekebishwa kwa gesi ya isobutileni, na kigezo cha kugeuza namba yake iwe benzeni ni 0.5. Tukijifanya yote ni benzeni, zidisha 1.2 kwa 0.5 upate 0.6 ppm. Kwa hewa ya Nairobi hiyo ni karibu mikrogramu 1,600 kwa mita ya ujazo. Kikomo cha Ulaya cha wastani wa mwaka, kilichoanza kubana 2010, ni 5. Barabara haikai kwenye 1,600 usiku kucha.

Ninachoshuku ni vumbi. Likitanda kwenye elektrodi hunyonya unyevu, mkondo mdogo wa umeme unavuja, na chombo kinausoma kama gesi. Mvua ikinyesha, weka mrija wa makaa amilifu kwenye mdomo wa kuingizia hewa, usubiri dakika kumi. Makaa hunasa hidrokaboni za petroli na thina, ila yakishashiba maji huuachia unyevu upite. Namba ikibaki juu, si gesi. Fungua, futa kioo cha taa kwa pamba yenye methanoli isiyo na maji, safisha kihisi chenyewe kama kitabu cha chombo kinavyoelekeza, acha vikauke kabisa, kisha rekebisha upya.

Kwa benzeni tumia mirija ya chuma cha pua ya kunasa bila pampu, yenye Carbopack X (unga wa kaboni unaonasa gesi), siku 14. Haihitaji stima hata kidogo. Usikubali kupewa Tenax TA, kinasio cha aina nyingine, kwa muda huo: inashika zaileni vizuri lakini benzeni huiachia irudi nje. Ning'iniza kati ya mita 1.5 na 3, mdomo ukitazama chini, chini ya kikofia cha kukinga mvua, mbali na ukuta na bomba la jenereta. Andika saa ya kufungua na ya kufunga. Na tafadhali, usiandike namba juu ya mrija kwa maka peni. Wino wake una viyeyushi na utapima kalamu yako. Chonga namba au tumia lebo ya mkebe.

hesabu_za_hewa:
Naongezea hesabu, maana hapa ndipo ripoti nyingi za Nairobi huharibika. Carbopack X hunasa benzeni kwa mililita 0.67 kwa dakika. Siku 14 ni dakika 20,160, kwa hiyo ni kama umepitisha lita 13.5. Maabara ikirudisha nanogramu 68, gawanya kwa 13.5: mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo.

Sasa mwinuko. Kanieneo (mgandamizo wa hewa) ya hapa ni karibu hektopaskali 830, asilimia 18 chini ya usawa wa bahari. Mtu anayetumia pampu lazima arekebishe ujazo wake kabla ya kulinganisha na kikomo cha Ulaya. Kwa mirija isiyo na pampu, USIREKEBISHE kanieneo. Hewa ikiwa nyepesi molekuli husambaa haraka zaidi, na wingi wake katika kila lita umepungua kwa kiasi hicho hicho. Viwili hivyo vinafutana. Ukitumia 0.67 kama ilivyo, jibu tayari liko katika hali ya usawa wa bahari. Ukirekebisha tena, unazidisha benzeni kwa zaidi ya asilimia 20 kwa kalamu tu.

Enterprise_Rd:
Asanteni sana. Nitajuaje kama ni matatu au ni gereji? Na maabara niiulize nini?

mirija_tu:
Omba tolueni, ethilibenzeni na zaileni kwenye ripoti hiyo hiyo. Gawanya tolueni kwa benzeni: 2 hadi 3 mara nyingi ni magari, ikipita 5, tembea upande wa gereji. Ikishuka chini ya 1 fikiria moshi wa kuni au taka zinazochomwa. Weka mirija miwili upande wa steji, miwili upande wa gereji, na mmoja ubaki umefungwa, usafiri na wenzake kwenda na kurudi. Huo wa mwisho ukikutwa na benzeni ya maana, awamu nzima irudiwe.

Maabara iulize kama inang'oa sampuli kwa joto kisha inatumia kromatografia ya gesi, yaani kutenganisha kila kemikali na kuipima peke yake. Wakikuambia wanaosha makaa kwa kaboni disulfidi, waulize usafi wake, kwa sababu ya daraja la kawaida huja na benzeni yake ndani.

hesabu_za_hewa:
Na ukisubiri gari la kuipeleka mirija maabara, usiihifadhi kwenye friji ya ofisi iliyo na maziwa na sanitaiza. Mkebe usiopitisha hewa, chini ya nyuzi 4.