Mrejesho: ile laptop iliyokuwa inachemka na kujizima
Wakuu habari za saa hizi, mimi ndo yule niliyelia humu wiki iliyopita kwamba laptop inachemka mpaka inajizima katikati ya kazi, mkaniambia niangalie feni kwanza kabla sijakimbilia kununua mpya. Basi jumamosi nikaifungua, aisee! Feni yenyewe nzima kabisa ila pale inapotolea joto vumbi limeshikana kama blanketi, na manyoya ya paka juu yake (anapenda kulala kwenye kibodi huyu). Nimelitoa kwa brashi mpya ya kupakia rangi, feni nikaizuia na kijiti cha meno isizunguke kama mlivyosema, pesti ya juu ya prosesa (ile ya kupitisha joto litoke kwenye chipu kuu ya kompyuta) ilishakauka kama chokaa nikaifuta kwa spiriti nikaweka nyingine kidogo tu, kama punje ya mchele. Zamani ilikuwa inafika nyuzi 96, sahivi hata nikifungua madude mengi inagota 74. Kuiweka kitandani nimeacha, inakaa juu ya sinia la chai nililoligeuza na wife ameanza kulidai. Yule aliyesema niiweke kwenye friji, Mungu anakuona ndugu yangu.